Fahali wa Matanga ya Ivyne

Riruta, 4 Juni 2006

Kwa Kaka Zedekiah,

Salamu kwako, kwa wifi na kwa Mama. Magoti yake yanaendeleaje? Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia.

Wakili anasema kesi ya fidia inamtegemea Were, bawabu wa shule. Ni yeye peke yake aliyeona dereva akirudisha basi nyuma bila kuangalia, likamgonga Ivyne wangu pale uwanjani. Watu wa shule wanadai mtoto alikuwa akicheza chini ya basi. Were aliahidi kusema ukweli, lakini tangu atoke mazishini huko nyumbani, akiniona anavuka barabara.

Niambie jambo moja. Yule fahali mwenye baka jeupe aliyechinjwa matangani, aliletwa na nani? Mimi nilikuwa kando ya jeneza, sikuona.

Dada yako,
Lornah

Vihiga, 19 Juni 2006

Mpendwa Dada,

Mama anakusalimu. Magoti ni yaleyale, mvua imezidi. Sisi wengine tunamshukuru Mungu.

Fahali aliletwa na watu wa kanisa lako. Lakini ya msiba hayaulizwi hivyo. Ukimchunguza sana bata, humli. Mwachie wakili kazi yake, nawe upumzike.

Kaka yako,
Zedekiah

Riruta, 2 Julai 2006

Kaka,

Natumai Mama hajambo. Mimi sina raha, sitakudanganya.

Kanisa lilileta sukari na blanketi, basi. Kwa hiyo nilimvizia Were sokoni mpaka akakosa pa kupita. Akaniambia: "Mama Ivyne, usinisukume. Hiyo ng'ombe ni mwenye shule alileta, na mimi nilikula. Si unajua kwetu? Ukishakula nyama ya mtu kwa matanga, hiyo maneno imeisha, huwezi enda kumshtaki. Uliza ndugu yako, ndiye alishika kamba."

Ni kweli ulishika kamba?

Dada yako,
Lornah

Vihiga, 20 Julai 2006

Mdogo wangu,

Pole kwa mawazo. Huku ni wazima.

Nilishika. Mwenye shule alikuja na fahali kabla hamjafika na maiti, mpole, kofia mkononi. Watu walikuwa wengi na jikoni hapakuwa na kitu ila maharagwe. Niliona aibu. Wazee wakasema nisimame nimshukuru, nikasimama. Yaliyopita si ndwele. Acha kesi, nakuomba.

Kaka yako,
Zedekiah

Riruta, 6 Agosti 2006

Zedekiah,

Salamu kwa Mama.

Juzi nilienda shuleni wazazi wakichukua watoto, Were akiwa langoni. Nikamwuliza mwenye shule kwa sauti kama ndiye aliyeleta fahali kwenye matanga ya binti yangu, nimshukuru. Akawaangalia wale wazazi. Nadhani alihofia wataona amekiri kosa. Akasema hajawahi kutupa hata kuku, nimemfananisha na mtu.

Were alisikia. Kesho yake tulienda naye mjini kwa wakili, akaeleza yote aliyoyaona. "Amekana ng'ombe yake mwenyewe," aliniambia kwenye ngazi. "Basi mimi sijakula yake."

Kesi itasikizwa Oktoba. Lakini wewe ulinificha mpaka nilipokukamata, na sasa siamini kwamba ulipewa fahali tu. Usiniandikie tena. Nitakuja Desemba, tusimame kaburini na Mama, uniambie hapo ulipewa nini kingine.

Mama Ivyne