Jiwe Jeusi la Meza ya Salma

Mpendwa mwanangu Salma,

Bahati yangu mimi ingekuwa inauzwa, watu wangeacha foleni ya sukari wakaja kujipanga kwangu. Nshalipata! Jiwe jeusi, pande moja zima, la kuenea meza yako yote. Unguja nzima hakuna mwenye kama hilo. Basi rudi.

Unaikumbuka meza ya mama yako ya mvule? Tone moja la tindikali, shimo. Mama yako akanigeukia mimi: "Mwanao anatuunguzia nyumba, na wewe unacheka!" Nikazidi kucheka. Nani mwingine hapa Mkunazini ana binti mkemia?

Nikakuletea marumaru, nimeibeba kichwani tangu Malindi bandarini. "Mimi nimefika Bombay, nimefika Basra," nikakwambia. "Majumba ya wafalme yote marumaru. Hii hailiki." Ukakamua ndimu juu yake, ukanimiminia chai. Sijamaliza kikombe, ukapangusa: mng'ao umekwenda, pamebaki baka.

"Baba, marumaru na chokaa ni ndugu. Ndimu imeila, sembuse tindikali?"

"Basi wafalme wa Bombay hawali ndimu."

Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Tukaja kwenye vigae. Hivyo tindikali haiviwezi, ukafurahi. Lakini mimi, fundi wa kujifanya, nikavishika kwa chokaa, kama tujengavyo sisi tangu mababu. Haukupita muda viungo vikamumunyuka, vigae vikawa vinacheza kama meno ya mtoto. Safari hiyo hukucheka. Ulisema, "Baba, nipatie jiwe jeusi kama la vile vibao vya kuandikia vya skuli, pande zima. Bila hilo sina kazi hapa." Ukavuka kwenda bara.

Barua zangu hujajibu hata moja. Marahaba, hata kama hukuniamkia. Hii naiacha wazi, asiyekujua aisome, anayekujua akufikishie. Mama yako haondoki tena kitandani. Mlango ukigongwa anauliza, "Salma huyo?"

"Anasubiri jiwe tu, mama Salma."

"Si umpe jiwe lake, baba Salma! Unangoja nife?"

Nimepekua magofu, nimewasumbua waashi mpaka wakiniona wanajificha. Mzaha wangu wote umekwisha, mwanangu. Nakaa mlangoni kwa mama yako nasikiliza kama bado anapumua. Mungu akulinde, akulete angali anakutambua.

Jiwe sina, Salma. Nimekudanganya. Njoo hivyo hivyo.

Babako