Mizimu Imefutwa Kwenye Kitabu Kipya

Mjukuu wangu mtundu,

Kitabu kipya ulichonitumia, cha sheria za mchezo wetu wa dadu wa wachawi na majoka, kimefika, na kimenitia kichefuchefu. Uchawi wameukamua mpaka umebaki maji ya kuoshea vyombo. Joka lililotukimbiza miaka yote sasa eti lina huzuni, libembelezwe. Joka!

Hayo ningemeza. Lakini wameifuta mizimu. Kwa sheria za zamani, mchawi akifa anabaki mezani kama mzimu, akiulizwa anajibu. Unajua tangu tumzike bibi yako mimi ndiye ninayemrushia dadu mchawi wake, ambaye naye sasa ni mzimu, na kumsemea, matusi yake yote ndani.

Jumatano kinyozi, mwamuzi wetu, akakifungua hicho kitabu chako.

"Mzee mwenzangu, siku hizi mzimu unatoweka."

"Basi mfukuze wewe," nikamwambia. "Kiti chake kile pale."

Akakitazama kile kiti kitupu. Kisha akakiweka kitabu chini ya makalio, akakikalia.

"Shemeji," akauliza, "tupite mlango upi?"

Nikarusha dadu. Bibi yako akamwita mpumbavu, kisha akamwonyesha mlango.

Usinitumie kitabu kingine.

Babu yako,
mume wa mzimu