Ukurasa wa Roho

Kisauni, 1945

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitika. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu akishakufa hana sikio la kusikia wala mkono wa kupokea barua, na nilipokubishia ulicheka mpaka ukakohoa. Basi cheka. Mimi naandika, kwa sababu yaliyotokea jana sina wa kumweleza ila wewe, na nisipoyaeleza nitapasuka.

Tangu tukuzike mambo yamebadilika. Vita vimekwisha. Askari wanaondoka Likoni kwa malori, na nafasi yako shuleni amepewa kijana wa kutoka bara anayewachapa watoto kwa kosa la kuuliza maswali. Mimi bado nawafundisha wasichana kushona. Mama hajambo, ila mpaka leo anapika wali wa watu watatu.

Lakini kubwa ni hili. Mwezi wa Agosti magazeti yalileta habari ya bomu lililotupwa Ujapani. Bomu moja, mji mzima ukaisha. Wakaandika kwamba nguvu yake imetoka katika kupasua atomu. Baba, nilipolisoma neno hilo niliketi chini pale pale dukani. Neno lako la Wayunani! Ile chembe isiyokatika, uliyonifundisha nina miaka tisa kwa kipande cha chaki: kata nusu, kata tena nusu, kata tena, utafika mahali kisu kitashindwa. Imekatika, Baba. Ulikufa hukujua. Sijui ungelia au ungeniambia nikusomee gazeti mara ya pili.

Wala si mimi peke yangu niliyekumbuka. Nani hapa Kisauni hakupita mikononi mwako? Watu wazima, wa bandarini, wa reli kule Changamwe, wakaanza kusema Mwalimu aliijua siri ya bomu kabla ya Wazungu, na siri yenyewe imo katika lile daftari lake la herufi za Kiarabu. Na kosa ni lako, nakwambia wazi. Mkristo, mwalimu wa misheni, unaandika daftari zima kwa herufi za Waislamu, kisha unamfundisha kuzisoma binti yako tu! Ulisema rafiki yako Bwana Athmani, fundi cherehani, ndiye aliyekufundisha, na kwamba zinakwenda vizuri na mkono wako. Haya, sawa. Lakini watu wangejuaje? Wao waliona mambo ya kufichwa.

Akaja Mzee Shadraki, mkubwa wa wazee wa kanisa, hata chai hakunywa. Alisema daftari lisomwe mbele ya wazee Jumamosi, ile siku ya kuwahoji wanaotaka kushiriki meza ya Bwana kesho yake. Likiwa na ubaya litachomwa hapo hapo. Msomaji niwe mimi, maana hakuna mwingine kanisani awezaye, na Bwana Athmani aalikwe akae ubavuni pangu ahakikishe kwamba sidanganyi. Na mama awepo, kwa kuwa ni mjane wako.

Unajua nilichoogopa. Moto sikuuogopa, daftari lako nalijua karibu lote kwa moyo. Niliogopa ukurasa wa roho. Pale ulipoandika kwamba hao Wayunani walisema roho nayo ni chembe, laini kuliko zote, na mtu akifa zinatawanyika, wala hakuna siku zitakapokusanyika tena zikawa yeye. Na chini yake ukaongeza: Nami naona ni kweli. Mbona, Baba? Mbona hukuwaachia Wayunani maneno yao? Mama hajui kusoma hata herufi moja, na tangu uondoke neno lake ni hilo hilo asubuhi na jioni, tutaonana kwake Mola. Neno hilo ndilo linalomwinua kitandani. Ningemsomeaje yako mbele za watu?

Nilifikiri kuuchana ukurasa. Nikakuta umezitia nambari kurasa zote. Ah, Baba, wewe na utaratibu wako!

Basi jana tukaingia. Wazee sita. Mama kwenye benchi, na nguo zake nyeusi. Mezani pana Biblia, na kando ya Biblia kibiriti. Mlangoni wameshaweka karai la kuchomea. Niliweka mkono juu ya Biblia nikaapa kusoma kilichoandikwa, wala si kingine.

Nikasoma. Nilisoma kwamba duniani hakuna ila chembe na utupu. Kwamba nguo hukauka kambani wala hatuoni maji yakiondoka, kwa sababu yanaondoka chembe chembe. Kwamba wakubwa wa Uyunani waliokuja baadaye waliwadharau watu wa chembe, wakashika kwamba kila kitu ni udongo na maji na hewa na moto, na vitabu vya wale wa kwanza vikapotea karibu vyote. Kwamba wanazuoni wa Kiislamu nao walizikubali chembe, ila wakasema Mungu huziumba upya kila punde. Hapo Bwana Athmani aliitikia kwa kichwa, maana habari hiyo ulipewa na yeye. Kwamba kitabu kimoja kilisalimika, Wazungu wakakisoma, na baada ya mamia ya miaka wataalamu wao walipopima hewa kwa mizani wakasema, kumbe wale wazee walikuwa na neno. Mzee Shadraki akauliza bomu liko wapi. Nikamwambia hakuna bomu, mzee wangu. Akasema, soma.

Nikafunua ukurasa wa roho. Kidole cha Bwana Athmani kilikuwa kimeshatangulia juu ya mstari, kinaningoja. Mama ananitazama. Nikasoma: Ama roho, hiyo si chembe, Mungu huihifadhi mpaka siku ya kukutana.

Kidole kikasimama pale pale. Mzee Shadraki akageuka akamwuliza Bwana Athmani, ndivyo? Mtu yule hakosi sala, Baba, unamjua. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanzu, akaifuta tena. Nikajua nimekwisha. Ndipo akasema: Mwalimu alikuwa rafiki yangu miaka ishirini, na sikumsikia akimtukana Mungu hata siku moja. Ndiyo hakusema, na siyo hakusema. Wazee wakatazamana, wakaridhika. Kibiriti Mzee Shadraki akakirudisha mfukoni.

Njiani mama alikwenda mbele yangu mpaka tulipopita kisima. Akasema, bila kugeuka: Ukurasa ule hauendi hivyo.

Kumbe ulimsomea! Mwaka ule tulipomzika mdogo wangu Karisa, alikuuliza mtoto yuko wapi, nawe hukuweza kumdanganya, ukamfungulia daftari. Akakurushia kifuniko cha sufuria. Siku ya tatu ndipo alipokujibu, na jibu lake alinipa jana neno kwa neno. Alikwambia: Si wewe usemaye chembe hazifi? Basi zako zitatangatanga, na zangu zitatangatanga, na siku hazina mwisho. Zitakutana tu. Tuna haraka gani?

Nililia, Baba. Nililia barabarani, watu wanapita. Miezi yote hii nilidhani namlinda, kumbe ile "tutaonana" yake ndiyo hiyo, aliisuka kwa uzi wako mwenyewe. Kisha, kwa kuwa mimi ni mwanao na sijui kunyamaza, nikamwambia: Lakini mama, siku hizi wanazikata.

Akasema: Wazikate. Vipande navyo vitakuwa vyangu.

Leo Jumapili sikwenda meza ya Bwana. Nimeapa uongo juu ya Biblia, na hilo nitalibeba mwenyewe mpaka nipate moyo wa kulisema. Mzee Shadraki alinitazama sana nilipobaki nimekaa. Bwana Athmani nilimpelekea mkate wa mofa, akaupokea, habari ya jana hakuigusa.

Mama ana manung'uniko yake kwako, ameniambia nikufikishie. Anasema siku ile ulicheka, ukambusu mkono, lakini jibu lake hukuliandika. Maneno ya Wayunani waliokufa zamani za zamani uliyaandika yote, neno la yeye aliyekuwa nawe jikoni ukaliacha.

Kwaheri, Baba yangu. Neno lako hata moja sitalifuta. Lakini chini ya "Nami naona ni kweli" uliacha nafasi ya mistari mitatu, na nakuahidi haitabaki tupu. Wino ninao, na mama ameshaketi hapa kando yangu, anataka aone namna jina lake linavyoandikwa.

Mimi mwanao,
Dama