Kinini ya Rebeka

Kwa Dorkasi, mutoto wangu wa kwanza, kule Niania.

Weye umekufa ao uko muzima? Tangu tulipanda lori na baba yako kuja Bunia, mahindi imevunwa na imepandwa tena, na sura yako sijaona. Unasema njia ni mubaya. Njia ni mubaya kwa watu wa chumvi na samaki pia, lakini wanafika kila siku ya soko. Haya. Uko aje? Wajukuu wangu wanakula vizuri? Kifua ya yule mudogo ilipona? Siye tuko, Mungu anatulinda.

Mukono yenye inaandika hapa ni ya Rebeka, jirani wa parseli yetu, ua ni moja. Vita ilimufukuza Fataki, kule alikuwa mwalimu. Unajua miye sikuingia masomo hata siku moja. Maneno ni yangu, na nimemukataza asibadilishe hata moja, hata yenye kumusema yeye.

Baba yako anakonda. Ugonjwa iko ndani kabisa, nyuma ya tumbo, mu kitu wanaita pankreasi. Munganga alisema ni kanseri na hawawezi kupasua. Wanamupa tu dawa ya kutuliza maumivu. Rebeka naye iko na kanseri, ya damu. Lakini ya kwake iko na dawa. Anameza kinini moja ya ile dawa kila asubuhi, halafu anafua, anatwanga majani ya sombe, anaimba mu korali. Dorkasi, nilimuchukia. Baba yako anashindwa kumaliza vijiko tatu za uji, na huyu anaongezeka mashavu.

Siku moja ya kumupima baba yako, munganga alikuwa anafundisha wanafunzi wake pale kando ya kitanda. Akasema kule mbali wanajaribu dawa moja ya kanseri ya damu, waone kama itasaidia pankreasi. Neno ya kujaribu sikuisikia. Nilisikia kinini ya Rebeka. Kufika nyumbani, nikamuambia Rebeka tugawe. Akafungua pakiti, akagawa. Unajua siye: mutu hanyimi jirani moto ao chumvi, na kinini tunagawa vile vile. Leo yake, kesho ya baba yako, na miye naisaga mu uji yake bila yeye kujua.

Baba yako akaanza kutapika, miguu ikavimba. Na damu ya Rebeka, kuipima, imeharibika. Munganga akamuuliza mbele yangu kama anaruka siku. Akajibu anasahau. Rebeka huyu, mwenye anakumbuka majina ya wanafunzi wake wote! Angenisema, ningemutukana. Alifunika kosa yangu, na ile ndiyo ilinichoma. Nikasema ni miye.

Munganga hakupandisha sauti. Alieleza ya kwamba dawa yenye wanajaribu haiko hii ya Rebeka, ni ingine, na hata ile hawajajua kama inaponyesha. Tena ugonjwa ikikuta dawa nusu-nusu, inaizoea. Sasa Rebeka anameza yake yote. Watamupima tena, tunangoja.

Baba yako alisikia yote. Aliniita karibu.

«Mama Dorkasi, uliniwekea uzima ya mwenzako mu uji?»

Nikafunika sufuria ya uji.

«Niache nikufe kifo yangu. Usinipe ya mutu mwingine.»

Wivu haijatoka. Kila asubuhi naangalia shingo ya Rebeka ikimeza, na roho inaniwaka sawa pilipili mu jicho. Lakini miye ndiye namuletea maji, na siondoki mpaka ameze. Ananiita polisi. Namuambia meza, utacheka baadaye.

Salimia bwana yako, aache kulalamikia njia. Salimia mujomba wako mwenye analinda shamba yetu, na shangazi yako wa kanisa, amuombee kaka yake kwa jina, asipitie mbali. Wajukuu wote, mmoja mmoja, uwashike kichwa.

Na weye kuja mbio, baba yako hangoji. Leta kuku mbili. Moja ni ya baba yako, muchuzi bado inamuingia. Ya pili usiiingize kwetu. Piga hodi kwa Rebeka, piga magoti, umupe kwa mikono mbili, useme mama yangu anaomba musamaha. Miye kinywa yangu inakataa. Sasa ameweka kalamu chini, anasema haina lazima. Andika, Rebeka. Dorkasi, hata akikataa, funga ile kuku miguu, uiache kwa mulango yake.

Miye, mama mwenye alikuzaa.