Vidonge vya Siku Ishirini na Moja

Kalemie, 4 Machi 2024

Mutoto wangu Falone,
Huko Dar muko wazima? Mimi nipo, Mungu ananibeba. Serge, yule baharia wa boti ya Kigoma, ameniletea pakiti ya vidonge ulivyonitumia. Mbavu zimetulia, mgongo bado. Tangu baba yako afariki nyumba imekuwa kimya, lakini juma hili nimepata wageni kila siku! Jirani yetu Emerance alikaa mpaka tukala sombe pamoja, majani ya mihogo ya shamba lake.
Mama yako

Dar es Salaam, 2 Mei 2024

Mama mpendwa,
Nakusalimu sana. Daktari wako amenitumia majibu ya damu, nayo yamenitisha. Kansa ya uboho wa mifupa inapanda tena, na mwaka jana ilikuwa imelala. Zamani ugonjwa huu haukuwa na dawa nzuri ya kumeza nyumbani. Leo ipo, ila inataka kidonge kila siku, siku ishirini na moja, kisha juma moja la kupumzika. Unameza kweli? Niambie, sitakasirika.
Mwanao

Kalemie, 20 Mei 2024

Falone mama,
Hujambo? Mimi sijambo sana. Kweli yenyewe njo hii: vidonge navigawa. Unajua desturi yetu, kitu kikitoka mbali jirani naye anaonja. Nilipougua watu waliacha kuingia, eti mifupa yangu imelogwa. Waliposikia kuna vidonge, walirudi. Mtu anakuja na mgongo wake unaouma, namupa kimoja, anakaa, tunazungumza. Nikimunyima, ataondoka. Usinigombeze.
Mama yako

Dar es Salaam, 3 Juni 2024

Mama,
Pole sana. Nimelia, sikugombezi. Lakini dawa hiyo haitibu mgongo uliochoka kubeba mihogo, na mwenye mimba akiimeza inamharibia mtoto tumboni. Nimempigia Emerance nikamweleza. Ameogopa! Ameahidi kuja kila asubuhi kukutazama ukimeza. Likizo sina mpaka mwakani. Vumilia.
Mwanao

Kalemie, 15 Septemba 2024

Falone wangu,
Salamu nyingi, na habari njema: ugonjwa umeshuka, daktari mwenyewe alicheka. Natembea mpaka sokoni. Emerance anakuja kila asubuhi, hakudanganya. Anasimama mlangoni: "Meza, Mama, nione." Nameza. "Njo vile," anasema, anaenda shambani. Namuwekea kiti, haketi. Wengine hawaji tena; tangu awaambie ubaya wa dawa, wanaogopa hata maji yangu ya kunywa.

Basi napona, mutoto wangu. Niambie tu, niponee nani?
Mama yako