Fito za Ravnejuv

Skarvebø,
Jumatano baada ya Pasaka, 1971

Mdogo wangu mpendwa Sjur,

Popote meli yenu ilipotia nanga, naomba barua hii ikukute mzima, umeshiba na umekauka. Huku tunaendelea vizuri kwa neema ya Mungu. Baba yuko hai na anakula. Nalitanguliza hilo kwa sababu nakujua: utaruka mistari kutafuta habari mbaya. Hakuna aliyekufa. Sasa kaa, soma polepole.

Vipi kifua chako? Kwenye kadi uliyotuma kutoka bandari ya Santos uliandika kwamba unakohoa, na tangu hapo kimya. Hapa theluji bado imefika kwenye madirisha ya zizi, lakini kondoo wameanza kuzaa, na yule jike mweusi mkorofi ametuletea pacha. Nimekutumia soksi mbili za sufu, ingawa najua mabaharia wenzako watakucheka.

Unakumbuka kwamba kila mwaka, kabla ya wageni wa Pasaka kupanda mlimani, Baba huchomeka fito kwenye theluji kuweka alama kwenye njia ya skii kutoka kibanda cha Langetjønn kushuka hadi kwetu. Ilikuwa kazi yenu wawili. Ulipoondoka akawa anaifanya na mzee Torleiv wa chama cha wapanda milima, lakini msimu huu Torleiv ana nyonga mbovu. Nikamwambia Baba nitakwenda naye mimi. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba ng'ombe atasoma mahubiri. Akasema kazi ile si ya kubeba ndoo. Nikamjibu kwamba fito haziulizi zimechomekwa na mkono wa nani. Akanung'unika, lakini asubuhi nilikuta skii zangu zimepakwa nta.

Tulilala kibandani. Pale tulimkuta mwalimu mmoja wa Oslo, Didrik, na mkewe Vibeke, watu wacheshi wenye mabegi makubwa kama makabati. Walisema wamefurahi kukutana na wenye njia wenyewe, na kwamba wao wangetufuata nyuma yetu baada ya kunywa kahawa. Baba alipenda sana hayo maneno, "wenye njia". Akawaambia wafuate fito tu, hata kama hawaoni pua zao, nazo zitawafikisha mezani kwetu.

Tulipoanza kushuka kulikuwa na jua kali. Baba alitangulia, akachoma fito moja baada ya nyingine, nami nikamfuata nikiburuta sleji iliyozibeba. Hatukufika mbali ukungu ukatushukia, na upepo ukaanza kuinua theluji kutoka chini. Sjur, wewe umewahi kuwa ndani ya ule weupe. Hakuna juu, hakuna chini. Unaweza kudhani umesimama kumbe unateleza. Nikamwomba Baba tungoje. Akasema, "We Ragnfrid, njia hii naijua nikiwa nimefumba macho. Leta fito!" Nikaleta fito.

Tukashuka hivyo mpaka tukagusa ukuta wa lile banda la mawe la wachungaji. Baba akacheka, akapiga ukuta kwa kiganja, akaniambia, "Umeona? Ulikuwa unaogopa bure." Lakini mimi nilikuwa nimeganda. Mlango ulikuwa mbele yetu. Ukitoka Langetjønn kwa njia sahihi, unafikia banda lile kwa nyuma. Mlango huuoni mpaka uzunguke. Ili tuufikie mlango ilibidi tuwe tumetokea upande wa korongo. Yaani tulikuwa tumepita juu ya Ravnejuv, juu ya ule ukingo wa theluji unaojitokeza kama upenu wa nyumba, ambao chini yake hakuna kitu ila hewa. Tena tulikuwa tumeacha fito nyuma yetu, zimepangwa vizuri, zikiwaita watu.

Nilimwambia Baba. Akakataa. Akasema mlango umehamishwa! Baba yetu, Sjur, alisema mlango wa banda la mawe umehamishwa. Nikamshika bega nikamuuliza upepo ulikuwa ukimpiga shavu lipi. Akakaa juu ya sleji, akavua glavu na kujipangusa macho, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba tangu Krismasi anaona kama mtu anayechungulia kupitia maziwa. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jua la asubuhi ndilo lililommaliza kabisa. Alikuwa amenificha mimi, amemficha daktari, amemficha Torleiv. Alikuwa akitafuta njia kwa miguu yake, na miguu ilimdanganya.

Sikuwa na muda wa kumkasirikia. Nilikuwa nawaza yale mabegi mawili makubwa.

Tulirudi juu pamoja kadiri ukuta wa mawe unaopanda kutoka bandani ulivyotufikisha. Pale nikamwambia abaki, agonganishe fimbo zake na kuita bila kukoma, kwa sababu sikuweza kuzifuata fito. Zingenirudisha juu ya upenu. Ilinibidi nipande kwa kuzunguka, mbali na ukingo, mahali pasipo na alama yoyote. Alitaka kubisha. Nikamwambia, "Baba, leo utanisikiliza mimi." Sikujua kwamba sauti yangu inaweza kutoka hivyo.

Nilipanda nikiuweka upepo kwenye shavu la kushoto nisipotee. Mapafu yalikuwa yakiwaka, kope zimeshikana kwa barafu. Nilisimama mara kadhaa kusikiliza, na kila mara nilisikia moyo wangu tu. Kisha nikasikia mwanamke anacheka. Alikuwa Vibeke, amekaa juu ya begi lake akimenya chungwa, kamba ya skii yake imekatika. Nikamuuliza mumewe yuko wapi. Akanyoosha kidole ndani ya weupe: "Ametangulia kuangalia fito inayofuata."

Nilimwona kama kivuli. Alikuwa amesimama kando ya fito, tayari nje kwenye upenu, mkono mmoja juu ya macho. Nikampigia kelele asigeuke, arudi kinyumenyume. Akanijibu kwa adabu ya kimwalimu, "Lakini dada, fito ziko huku! Mzee alisema tufuate fito!" Nikamwambia mzee amekosea, alale kifudifudi sasa hivi. Nadhani alinitii kwa sababu nilimtukana. Sitaliandika tusi lenyewe, umenisikia nikimwambia fahali. Akalala. Nikajilaza nami, nikamsogezea fimbo yangu, akajigeuza kwa tumbo, akaishika, akaanza kujivuta kama konokono. Ndipo tukasikia mlio kama wa ubao mnene unaovunjika. Fito iliyokuwa nyuma yake ikainama taratibu, ikatoweka, na iliyofuata pia. Upenu wote ukaondoka nyuma ya skii zake, na kwa muda mrefu hatukusikia kitu; halafu ngurumo ikapanda kutoka chini. Didrik alikuwa ameishika fimbo yangu kwa nguvu hata leo kiganja changu kimevimba.

Nilimfunga Vibeke skii yake kwa mshipi wangu, nikawaambia wanifuate na wasinene. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana nyayo zangu zilikuwa zimefutika. Sikuwa na alama, sikuwa na jiwe. Tukasimama tukisikiliza. Upepo ulipopumua kidogo, nikamsikia Baba. Fimbo ziligongana, ko, ko, na sauti yake imekauka kama ya kunguru. Lakini hakuwa akiniita mimi. Alikuwa akiita, "Sjur! Sjuuur!"

Nikaitika, "Naam, Baba!" Akaita tena jina lako, nami nikaitika tena, mpaka nikamgusa.

Didrik alimkumbatia Baba, akamshukuru kwa kuwaokoa. Baba akamtoa mikono polepole, akasema, "Mimi ndiye niliyekupeleka kule. Aliyekutoa ni huyu." Hayo aliyasema mbele ya watu wa Oslo, Sjur. Na hali ya hewa ilipotulia, aliniongoza mpaka kwenye simu ya dukani, au niseme nilimwongoza, akampigia Torleiv mwenyewe, akamweleza kila kitu, akajiuzulu. Siku iliyofuata nilipanda na Torleiv mdogo, mwana wa mzee Torleiv, na vijana wawili wa uokoaji, tukang'oa fito zote zilizobaki na kuiweka njia upya. Mimi nilitangulia. Wageni wa Pasaka wamepita salama.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Jumatatu ya Pasaka Baba aliniita jikoni, akaniambia nikuandikie urudi nyumbani. Alisema macho yake yamekwisha, shamba linahitaji mwenye shamba, na mwenye shamba ni wewe. Alitaka nikuandikie maneno ya kukulainisha, nikutajie kaburi la Mama, nikwambie anakufa. Nilisema ndiyo, Baba.

Siandiki hivyo. Mdogo wangu, nakuandikia kukuomba usirudi kwa ajili hiyo. Shamba hili nalitaka mimi. Miaka yote hii watu wamedhani nakutunzia, nami nimewaacha wadhani, kwa sababu haikuwa na maana kutaka kitu ambacho sheria imempa mwingine. Mimi nilitangulia kuzaliwa, lakini wewe ni mwanamume, basi. Pale juu, kila nilipoitika jina lako, nilijua kwamba sitaki kuwa mahali pako tena. Nataka kuwa mahali pangu. Ukilitaka shamba kwa moyo wako wote, sema, nitalia kisha nitafungasha. Lakini kama hulitaki, liachilie kwa maandishi, na uje kama mgeni, nikuchinjie.

Usidhani nafanya haya nyuma ya mgongo wa Baba. Hawezi kuisoma barua hii, kwa hiyo nitamsomea yote, neno kwa neno, kabla sijaifunga. Ikikufikia, ujue ameisikia.

Mchungaji anakusalimu, na Torleiv, na majirani wote wa ng'ambo ya mto. Vaa soksi. Kikohozi kikizidi, nenda kwa daktari bandarini. Usifanye kama baba yako. Mungu akushike juu ya maji hayo yote.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Ragnfrid

Nimemsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza. Aliniomba nirudie ile sehemu ya shamba, nikairudia. Kisha akaomba kalamu, nikamwekea kidole mahali pa kuanzia. Mwandiko huu unaopanda na kushuka ni wake:

Sjur. Usimcheleweshe dada yako, mpe maandishi. Baba.