Kitanda Kilichompima Abdikafi

Lodwar, Jumamosi

Dada Atabo,

Ejok? Mimi ni mzima, ndugu yako aliyefikisha lori Juba na kurudi bila pancha. Tajiri wangu, mwenye lori, alinituma hospitalini nipimwe moyo, wakanilaza juu ya kitanda cha kisasa: chini ya godoro kuna utepe unaosikiliza moyo wa mtu akilala. Hakuna waya wala sindano.

Lakini joto la mle ndani, dada! Nilichukua ekicholong changu, kile kigoda cha kulalia, nikaegemeza kichwa, nikalala nje mchangani kama mwanamume. Kitanda nikamwachia Abdikafi, mgonjwa wa mguu. Nikamwambia, "Lala, sheikh, hiki ni cha mabalozi."

Asubuhi daktari akasoma mashine: "Ekeno, moyo wako ni wa punda. Rudi kazini." Nikapokea karatasi ya majibu, nikaondoka. Tajiri wangu amefurahia karatasi hiyo, na nikisema ukweli ananinyang'anya ufunguo.

Jana mchana macho yaliingia giza nikiwa kwa usukani. Nilizinduka lori liko mchangani, nje ya barabara.

Jumatatu napita Kakuma kubeba abiria. Wewe na watoto msipande, ngojeni gari la Nangiro, dereva mwenzangu. Hao wengine sijui nitawaambia nini.

Nduguyo anayekupenda,
Ekeno